Asante kwa Mhakiki wa Pili

Hasira haina adabu. Haichagui mahali pa kumkuta mtu. Ile ya Bi Tanbihi ilimkuta katika chumba cha mtihani, mahali ambapo hata chafya huombewa ruhusa. Alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, mikono nyuma kama kiranja wa bweni, simu ilipotetema mfukoni mwake. Msimamizi wa mtihani haruhusiwi kutazama simu. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe, akaibandika mlangoni kwa gundi yake mwenyewe. Akaitoa simu, akachungulia.

"Uamuzi kuhusu makala yako," kilisema kichwa cha baruapepe.

Alisoma mstari wa kwanza, uso ukatulia. Akasoma wa pili, nyusi zikakaribiana. Alipofika aya ya tatu uso ulikuwa umefanya kama maziwa jikoni: kimya, kimya, kisha yote juu kwa pamoja. Hakutoa sauti. Hilo ndilo lililokuwa balaa, maana ukimya wa mtu aliyekasirika husikika mbali kuliko kengele. Vichwa vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa na kikaratasi ndani ya soksi, aliamini kwamba siku yake ya hukumu imewadia. Akakichomoa taratibu, akakitia kinywani, akakitafuna na kukimeza bila maji. Binti mmoja akainua mkono kuomba kwenda nje.

"Kaa!"

Binti alikuwa bado hajasimama. Sauti ile iliwakalisha hata waliokuwa wamekaa.

Inafaa hapa mhusika atambulishwe kwa heshima zake zote. Bi Tanbihi lilikuwa jina la kupewa na wanafunzi, kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kuulizwa, "Kwa mujibu wa nani?" Ukimwambia kumekucha, atataka marejeleo. Jina hilo alijifanya halijui, na moyoni alilipenda. Alikuwa mhadhiri wa utawala wa umma, taaluma inayochunguza kwa nini ofisi za serikali hufanya zinavyofanya na, mara nyingi zaidi, kwa nini hazifanyi. Mkataba wake ulikuwa unamalizika mwisho wa muhula. Ili uongezwe, bodi ya ajira ilitaka kitu kimoja tu: makala moja zaidi katika jarida linalotambuliwa. Na katika fani yake jarida lililotambuliwa lilikuwa hilo moja, kama bomba moja la maji kwa bweni zima. Akilikosa, atarudisha ufunguo wa chumba na kadi ya maktaba, aende akawaulize watu wa mtaani ni kwa mujibu wa nani.

Makala yenyewe aliyatoa benchini. Kwa mwaka mzima alikwenda kukaa katika ofisi inayotoa vyeti vya kuzaliwa, akitazama jinsi watu wanavyoambiwa "njoo kesho." Kila mtu alijua sababu: makarani ni wavivu. Bi Tanbihi akawahoji makarani, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine wakamlilia, akagundua kwamba kila mtu alikuwa amekosea. Karani wa dirishani hana mamlaka ya kusema hapana. Hapana ni mali ya mkubwa aliyeko ghorofani, na mkubwa hapendi kusumbuliwa. Ndiyo nayo ina masharti yasiyotimizika. Basi karani hubakiwa na neno moja tu lililo lake. "Njoo kesho," aliandika kwenye hitimisho, "ni hapana ya mtu asiyeruhusiwa kusema hapana." Sentensi hiyo aliipenda kama mtoto wa kwanza.

Akayatuma makala jaridani, akasubiri. Akaandika kuuliza, akajibiwa kwamba yako kwa wahakiki. Msimu ukageuka, akaandika tena. Akajibiwa kwamba bado yako kwa wahakiki. Yaani, kwa lugha ya vyeti vya kuzaliwa, njoo kesho.

Wasiojua mambo haya waelezwe, wasije wakadhani ni porojo. Ukiandika makala ya kitaaluma, mhariri huyatuma kwa wajuzi wawili wa fani yako ili wayapime. Wewe huambiwi ni akina nani. Wao hawaambiwi kwamba ni wewe. Kila upande hufungwa kitambaa machoni, kisha upande mmoja hupewa fimbo. Utaratibu huu huitwa haki, na inasemekana umewasaidia wengi.

Mhakiki wa kwanza alikuwa ameandika: "Makala mazuri. Koma zipunguzwe." Mhakiki wa pili alikuwa ameandika kurasa mbili.

*

Chumba chake cha kazi alikichangia na mhadhiri wa takwimu ambaye kila mtu alimwita Jirani, kwa kuwa meza yake ilitazamana na ya kila mtu aliyewahi kuajiriwa pale. Makala ya Jirani yalikuwa yamekataliwa mara nyingi kiasi kwamba amepata kinga, kama mtu aliyeugua surua utotoni. Alimwona Bi Tanbihi anavyoingia, akavuta kiti chake nyuma hatua moja.

"Nani kafa?"

"Bado hajafa. Nikimpata atakufa."

Akamtupia kurasa alizokuwa amezichapa njiani. Jirani alizipokea kwa mikono miwili.

"Leta nikusomee mimi, dada. Mwenye jeraha hajifungi bendeji mwenyewe." Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasafisha koo kama mwalimu wa zamu mbele ya paredi. "'Makala haya yana urefu wa kutosha.' Hee! Hiyo ni sifa. Ishike hiyo hiyo."

"Endelea."

"'Mwandishi hakuhoji hata karani mmoja.'"

"Nini?" Bi Tanbihi akaipiga meza, penseli zikaruka. "Sehemu ya nne yote ni makarani! Makarani watupu! Ukiitikisa wanadondoka sakafuni!"

"Tulia basi, bado hatujafika penye utamu. 'Mwandishi haonyeshi dalili yoyote ya kuwajua magwiji wa taaluma hii, ambao kazi zao ndizo nguzo ambazo juu yake...'"

"Nguzo?"

"Nguzo. '...ambazo juu yake fani nzima imesimama. Matokeo yake anapiga makasia nchi kavu.' Aisee! Huyu mtu ana kipaji, kakosea kazi tu."

"Rudia hapo."

"'Anapiga makasia nchi kavu. Ni dhahiri kwamba hakusimamiwa na mtu makini.'"

Bi Tanbihi akaketi. Akaivuta karatasi, akausoma mstari ule mwenyewe.

Makasia nchi kavu. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyesema hivyo. Alisema hivyo kuhusu mawaziri, kuhusu fundi bomba wa chuo, kuhusu golikipa wa timu ya wahadhiri, na mara moja, kwa bahati mbaya, kuhusu marehemu, mbele ya wafiwa. Miaka yote ambayo Bi Tanbihi aliandika tasnifu yake ya uzamivu, maneno hayo yalimngoja pembeni mwa kila ukurasa. Mtu huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

Wanafunzi walimwita Profesa Nguzo, kwa sababu hakuna jambo lililopita mikononi mwake bila kusimamishwa juu ya nguzo tatu. Chai ina nguzo tatu: maji, majani na subira. Ndoa ina nguzo tatu. Foleni ina nguzo tatu. Bi Tanbihi alipofiwa na baba yake, Nguzo alikuja akaketi na wajomba zake kutwa nzima, akawafafanulia nguzo tatu za msiba mpaka wajomba wakawa kama wanaomwomba radhi kwa kufiwa. Lakini alikuja. Alimwita mwanangu, na hakuwa anatania.

Jirani alikuwa amemtazama muda huo wote.

"Unamjua?"

"Sheria inasema simjui."

"Basi unamjua."

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mhariri. Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja juu ya ngazi ndefu, chenye harufu ya karatasi zilizosahauliwa. Matoleo ya zamani yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu. Fungu moja lilishikilia dirisha lisijifunge, jingine lilisimama badala ya mguu wa meza. Mhariri alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini, naye alikuwa anatafuta ya tatu.

"Nataka mhakiki mwingine," alisema Bi Tanbihi kabla hajaketi.

"Wote tunamtaka, binti yangu. Karibu kiti."

"Mhakiki wa pili hakusoma makala."

"Kwa mujibu wa nani?"

Silaha yako ikishikwa na mwingine ndipo unapojua makali yake. Bi Tanbihi akaifungua sehemu ya nne, akaiweka mbele ya yule mzee. Mhariri akabadilisha miwani, akainama, akafuatisha mistari kwa kidole.

"Mh," alisema. "Ni kweli. Makarani wapo. Tena wengi."

"Sasa?"

"Sasa mjibu. Andika: 'Tunamshukuru sana mhakiki kwa hoja hii muhimu. Tafadhali atazame sehemu ya nne.'"

"Nimshukuru kwa kutosoma?"

"Unashukuru hoja. Hoja hushukuriwa, ndiyo desturi. Ukipigwa kofi na mhakiki unasema asante kwa mwanga." Mzee akacheka peke yake, kisha akaacha. "Wewe unadhani wahakiki wanalipwa? Hawalipwi hata nauli. Mimi naomba. Kwa makala yako nilibisha milango mingi, binti yangu. Mmoja yuko safarini. Mmoja anaumwa. Mmoja ni mzima, ila aliniandikia kwamba anaumwa. Waliofungua ni hawa wawili. Aliyeomba maji hamwambii mwenye mtungi kwamba ni ya moto."

"Lakini mhariri ni wewe. Umeona mwenyewe kwamba amesema uongo. Unaweza kukataa ripoti yake. Unaweza kusema hapana."

Mhariri alitazama dirishani, pale lile fungu la majarida lilipokuwa linafanya kazi yake. Ilikuwa dhahiri kwamba neno aliloombwa alikuwa nalo mahali fulani, kama ile miwani ya tatu.

"Lete marekebisho," alisema hatimaye. "Tuone. Halafu pita tena."

"Lini?"

"Ah, hata kesho. Kesho, keshokutwa, tutaangalia."

Hakusikia alichokisema. Bi Tanbihi alisikia. Alishuka zile ngazi mbili mbili, na kila aliyekutana naye alijibana ukutani kwa hiari yake.

*

Mchana ule alikuwa anasahihisha mitihani, yaani anaipiga kalamu nyekundu kama anayeua siafu, mlango ulipobishwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Kikombe cha chai kiliingia kwanza, kikafuatwa na Profesa Nguzo. Jirani alikumbuka ghafla kwamba ana kipindi, ingawa ilikuwa wiki ya mitihani na vipindi vilikwisha. Akatoka na koti la mtu mwingine.

"Mwanangu! Nasikia makala yamerudi."

"Shikamoo, Mwalimu. Yamerudi."

"Marahaba. Yamepigwa?"

"Yamechapwa, Mwalimu. Mbele ya paredi."

"Mshenzi gani huyo?" Nguzo aliuliza, na mshipa wa shingo ukamsimama. "Ni mhakiki wa pili, sivyo? Siku zote ni wa pili! Hawasomi, mwanangu. Wanaandikia kwenye mikutano huku wanatafuna njugu. Wanaharibu maisha ya watu, halafu wanafuta midomo. Hebu nisomee, nimsikie."

Hakuwa mnafiki, na hapo ndipo palipouma. Alikuwa amekasirika kwa niaba yake kikweli, kama baba aliyesikia mwanawe amepigwa shuleni na anatafuta viatu aende. Bi Tanbihi alizichukua zile kurasa. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi tangu jana, ila si kwa hili la kuhurumiwa na fimbo.

"'Makala haya yana urefu wa kutosha,'" alisoma.

Nguzo akacheka kwa nguvu. "Mjinga!"

"'Mwandishi hakuhoji hata karani mmoja.'"

Kicheko kikapungua. "Labda... labda hawakujitokeza vizuri, hao makarani."

"'Haonyeshi dalili yoyote ya kuwajua magwiji wa taaluma hii, ambao kazi zao ndizo nguzo.'"

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kikasimama.

"'Matokeo yake anapiga makasia nchi kavu.'"

Nje, mtu alikuwa anaburuta madawati kutoka chumba cha mtihani.

"Umebaki mstari mmoja," alisema Bi Tanbihi.

"Usiusome," alisema Nguzo.

Akakiweka kikombe juu ya mtihani wa mtoto wa watu, akakaa kwenye kiti cha Jirani. Alipofungua tena mdomo, alimzungumzia yule mhakiki taratibu, kama anayemvika shati.

"Huyo bwana huenda alikuwa na haraka."

"Sasa hivi tu alikuwa mshenzi, Mwalimu."

"Haraka huleta ushenzi. Mwanangu, wewe unajua nilivyokufundisha. Msomaji mzoefu huanzia nyuma. Marejeleo kwanza! Orodha ya marejeleo haidanganyi. Inakuonyesha mwandishi amekula meza gani. Sasa mtu kama huyo mhakiki, mtu mwenye miaka yake katika fani, akifungua orodha akakuta hakuna..." Akakohoa. "Akakuta watu wanaopaswa kuwapo hawapo. Hata mmoja. Wamejaa akina 'Mwandishi, Mwandishi, Mwandishi.' Si atasema huyu ni nani, ametokea wapi?"

Hapo Bi Tanbihi akaona.

Jarida lilikuwa na kanuni: mwandishi afiche chochote kitakachomtambulisha kwa wahakiki. Kazi alizoziegemea zaidi kuliko zote alikuwa ameziandika pamoja na mtu huyu, jina lake na jina la Nguzo yamelala ubavu kwa ubavu. Naye, mtiifu wa kanuni mpaka za kubandika mlangoni, aliyafuta yote mawili mstari baada ya mstari, na kila mahali akaandika "Mwandishi." Alimzika mwalimu wake kwa mikono yake mwenyewe, kwa uaminifu. Mwalimu akaja kwenye orodha kujitafuta, kama mtoto anavyotafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Akapitisha kidole juu hadi chini, hakujiona, akaokota fimbo. Kurasa nyingine zote hakuzigusa. Za nini? Matokeo alikwisha yasoma.

"Wale akina Mwandishi," alisema Bi Tanbihi, "ni sisi."

"Sisi?"

"Mimi na wewe, Mwalimu. Wote wale."

Mabega yakaanza kumtikisika Nguzo, na Bi Tanbihi naye akahisi kitu kinampanda kooni ambacho, laiti kingefika, kingekuwa kicheko. Kwa kitambo kidogo walitazamana kama zamani, walipokuwa wakikosea hesabu moja wote wawili na kulaumu mashine.

"Loo!" alisema Nguzo, akijifuta jicho. "Basi ni ajali. Ni ajali tupu, mwanangu! Mhakiki angejua ni wewe, asingeandika hata neno moja kati ya hayo."

Alilisema kama zawadi. Kicheko kikarudi chini kilikotoka, na kilichopanda badala yake hakikuwa ile hasira ya chumba cha mtihani. Ile ilikuwa yake peke yake; angeweza kuilea, kuilisha, kuilalia. Hii ilikuja na watu. Ilikuja na yule ambaye Nguzo alidhani anampiga: mtu asiye na jina, wa mahali fulani, aliyekaa kwenye benchi lake mwaka mzima, asiye na mwalimu wa kumletea chai. Kwa Nguzo, huyo alistahili kila neno, ilimradi si mwanawe. Akajiuliza ni wangapi, kwa miaka mingapi, waliosomwa nyuma mbele na kurudishwa majumbani kwa sababu ya orodha. Na yeye muda huo alikuwa wapi? Alikuwa anaitwa mwanangu.

"Najua, Mwalimu," alisema. "Hilo ndilo linaloniudhi."

Nguzo alimtazama. Kama alielewa, hakulionyesha. Kama hakuelewa, hakuuliza. Akainuka, akajinyoosha koti.

"Unajua sheria haimruhusu mhakiki kujitaja. Usiri ni nguzo ya..." Akaishia hapo. Lilikuwa jambo la kwanza, katika muda wote waliofahamiana, kubaki na nguzo moja.

"Wala sijamwomba ajitaje."

Akatoka polepole. Kikombe alikisahau. Bi Tanbihi alipokiondoa, alikuta kimeacha duara la kahawia juu ya karatasi ya yule kijana wa safu ya nyuma, ambaye kwa swali la pili alikuwa ameandika mstari mmoja tu, na ambaye tumbo lake, Mungu alisaidie, lilikuwa na majibu yote.

*

Jarida halipokei marekebisho bila jedwali la majibu. Upande wa kushoto hukaa maneno ya mhakiki, upande wa kulia ya mwandishi, na kila kisanduku sharti kijazwe. Ukiacha kimoja kitupu, mtandao hukataa kutuma. Desturi nayo hudai kwamba kila jibu lianze kwa shukrani. Jirani alikuwa bingwa wa hayo. Alizihifadhi shukrani zake kwenye kompyuta, tayari kwa matumizi, kama sanda za kukodi.

"Chukua hii," alisema. "'Tunamshukuru mhakiki kwa jicho lake pevu.' Au hii, ya makofi mazito: 'Maoni haya yametufungua macho kwa namna ambayo hatukutarajia.' Mimi ya pili ndiyo iliyonipatia makala yangu ya mwisho, dada. Piga magoti, ukipita simama."

Bi Tanbihi alizibandika zote, kisanduku kwa kisanduku, mpaka upande wa kulia ukawa kama watoto wa shule wanaoitikia kwa pamoja. Asante, asante, asante. Akazisoma tangu juu. Mkataba aliukumbuka; aliukumbuka vizuri sana, na ufunguo, na chumba. Kisha akaanza kufuta. Hakufuta hoja yoyote. Alifuta shukrani, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Mwandishi hakuhoji hata karani mmoja." *Wapo. Sehemu ya nne.*

"Haonyeshi dalili ya kuwajua magwiji." *Marejeleo sita yamefichwa kwa kanuni ya jarida.*

"Koma zipunguzwe," alisema mhakiki wa kwanza. Huyu alimshukuru. Koma zilikuwa nyingi kweli.

Kikabaki kisanduku cha mwisho. Ni dhahiri kwamba hakusimamiwa na mtu makini. Alianza kwa tusi, zuri, lenye mizani, ambalo Jirani alipolisoma aliomba nakala. Akalifuta. Akaandika aya ndefu kuhusu maadili ya uhakiki. Ilisomeka kama hotuba ya mwalimu mkuu siku ya kufunga shule, akaifuta nayo. Akakaa, mikono mapajani. Alikumbuka chumba cha Nguzo chenye kiti cha mbao, na Nguzo mwenyewe aliyewahi kumrudishia sura moja ya tasnifu mara nne, na mara ya nne alipolalamika kwamba jambo hilo linajulikana na kila mtu, mzee akaegemea mbele akamuuliza, kwa upole, "Kwa mujibu wa nani?" Hilo swali halikuwa la kwake. Alilichukua pale.

Akaandika neno moja.

*Alisimamiwa.*

Jirani alichungulia juu ya bega lake. "Bila asante hata moja kwa huyu wa pili? Watakunyonga."

"Wakininyonga nitakuwa nimesimama," alisema Bi Tanbihi, akabonyeza.

Jibu la mtandao lilikuja papo hapo, kwa kuwa mashine haina cha kuogopa. Makala yako yamepokelewa. Yamerudishwa kwa wahakiki wale wale. Tafadhali subiri.

*

Wiki ile ile, akipita ukumbini na bunda la mitihani kifuani, aliukuta mlango wa Nguzo umeachwa nusu. Hakukusudia kutazama. Profesa alikuwa mezani, na mbele yake palikuwa na makala yaliyochapwa, bunda zima, halijabanwa. Kalamu ilikuwa pembeni, kifuniko chake hakijatolewa. Kidole kilitembea chini ya mstari, neno kwa neno, kama cha mtoto anayejifunza kusoma. Upande wa kushoto palikuwa na ukurasa mmoja tu uliokwisha geuzwa. Ule uliokuwa chini ya kidole ulikuwa wa pili.

Akainua macho, akamwona. Kiganja kikaruka kuyafunika makala, maana mhakiki hajitaji.

"Mwanangu." Akainua kidevu kuelekea kiti. "Ingia. Kuna jambo nataka tuzungumze, mimi na wewe tu. Si refu."

Kiti cha mbao kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote, kimegeuzwa kidogo kuelekea mlangoni. Bi Tanbihi alikitazama kiti, akakitazama kiganja. Neno alilolitaka lilikuwa hapana, na alikuwa nalo. Lilifika hadi nyuma ya meno. Lakini mbele yake lilikuta miaka imesimama foleni, na wajomba, na msiba, na pembe zote za zile kurasa za tasnifu, na halikupata pa kupitia.

"Kesho, Mwalimu," alisema, kwa adabu zote. "Nitapita kesho."

"Haya, mama. Kesho." Nguzo akaitikia kwa kichwa, akangoja atoke machoni ndipo akiondoe kiganja.

Alikuwa amekwisha fika kwenye ngazi, mkono juu ya reli, aliposikia alichokisema. Akasimama, bunda la mitihani likimwelemea kifuani. Nyuma yake, ndani ya chumba kile, ukurasa wa pili ukageuzwa, ukalazwa juu ya wa kwanza. Hitimisho lilikuwa bado mbali, lakini safari hii msomaji alikuwa anaelekea huko.